Weupe wa Kona ya Kulia

Mume wangu Anyitike alinikatia kitambaa changu cha meza mwezi wa sita mwaka sabini na sita, na mpaka leo nikikumbuka nasikia joto shingoni. Kilikuwa kitambaa cheupe cha pamba, mama yangu alikifuma maua pembeni kule Iyunga kwa ajili ya arusi yangu. Tulikitandika Krismasi na Pasaka tu, na siku mchungaji akija. Nilirudi kutoka shambani nikakuta kabati liko wazi, mkasi uko kitandani, na kitambaa kimebaki kipande cha kufunika sahani mbili. Mwenyewe hayupo. Alikuwa ameshapanda kwenda hospitalini na kitambaa changu kwenye mkoba, na najua njia nzima alikuwa anatabasamu.

Ndiye huyo niliyeolewa naye. Anyitike alikuwa mtu wa kuzubaa. Ukimtuma kuni, anasimama nusu saa njiani kutazama ukungu unavyoshuka mlimani na kuacha vichwa vya miti. Ugali unapoa mbele yake kwa sababu moshi wa jikoni umepita kwenye mwanga wa dirisha, naye anautazama mpaka uishe. Mama mkwe aliniambia tangu mwanzo kwamba mwanawe huyu alizaliwa macho yakiwa wazi na hakuyafumba tena, nisitegemee atachunga ng'ombe. Hakuniambia kuhusu vitambaa.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za vifua katika hospitali ya misheni, juu milimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara kuu. Aliingia pale kama mfagiaji. Mganga Sedekia, aliyekuwa msomaji wa picha zote za hospitali ile, alimkuta siku moja amesimama na ufagio mbele ya filamu iliyoanikwa, amesahau kufagia. Badala ya kumfukuza akamfundisha kazi. Wagonjwa wakamwita Bwana Picha, na jina likamkaa kuliko alilobatizwa.

Jioni akinisimulia kazi yake, hata mimi nilisahau hasira zangu. Kwenye chumba cha giza, alisema, kuna taa moja nyekundu na sauti ya maji. Unalaza filamu kwenye dawa, nyeupe tupu, halafu unangoja. Kwanza weusi unaingia pembeni polepole. Kisha mapafu mawili yanajaa giza, na katikati ya giza hilo mbavu zinabaki nyeupe moja baada ya nyingine, kama matuta ya viazi alfajiri kabla jua halijapanda. Hakuwahi kunitajia jina la mgonjwa. Alisema tu, leo nimeona kifua cha mtu aliyepanda milima maisha yake yote, au, leo nimeona moyo mdogo umelala upande kama mtoto. Nami nilimwambia ale.

Sasa niwaeleze kuhusu sanduku, maana kitambaa changu kiliishia humo. Picha ya kifua haisomeki mezani. Lazima uiweke mbele ya mwanga. Hospitali ilikuwa na sanduku la mbao, mbele lina kioo cheupe kama maziwa, ndani taa nne. Jenereta likiwashwa asubuhi, filamu inabandikwa kwenye kioo na mganga anaisoma. Sanduku hilo lilitengenezwa na Jailos, seremala wa misheni, aliyekuwa hajawahi kuliona jingine. Alifuata mchoro. Taa tatu alizifunga vizuri kule nyuma, ya nne akaifunga karibu mno na kioo, kona ya juu kulia. Akapaka rangi, akagongomea misumari, akalipwa shukrani.

Basi kona ile iliwaka kuliko sehemu nyingine. Na katika picha za vifua pafu lenye afya huwa jeusi, ugonjwa ndio mweupe, kama ukungu. Kila aliyebandikwa kwenye sanduku la Jailos alionekana ana ukungu juu kulia. Mwaka wa kwanza Mganga Sedekia alisoma walimu sita mfululizo wana kifua kikuu, wote mahali pamoja, wote wanene na wenye kucheka. Wa saba alikuwa mchungaji mwenyewe. Ndipo alipokagua sanduku akagundua. Kulibomoa lote hakutaka, kwa hiyo akajifunza kuitoa kona ile kichwani. Kwa miaka kumi na moja, akiona weupe juu kulia, anasema huo ni ugonjwa wa Jailos, na wauguzi wanacheka, na mgonjwa anaambiwa yuko safi.

Mume wangu hakucheka. Yeye alikesha na filamu zake kwenye dawa, akizisuuza, akizianika zisipate hata alama ya kidole, halafu zinapelekwa kwenye kioo kinachozimwagia mwanga upande mmoja kama chai iliyomwagika. Ilimuuma. Alijaribu karatasi za madaftari, zikaonyesha mistari. Alijaribu kupaka chokaa, ikabanduka ikadondoka. Ndipo akakumbuka kabati letu.

Nilimnunia siku tatu. Siku ya nne, Jumapili baada ya ibada, akaniomba nipande naye hospitalini. Nilikwenda nimekunja mikono kifuani. Jenereta lilikuwa linaunguruma kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Akafunga pazia, akawasha sanduku likiwa tupu. Alikuwa ameweka kitambaa nyuma ya kioo, tabaka tatu kona ya kulia, mbili kuelekea katikati, moja kule kulikobaki, na amekaa na sanduku likiwaka saa nzima akinusa kama kitaungua. Mwanga ulikuwa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Haukuwa na mwanzo wala mwisho. Tulisimama pale wawili, mimi na yeye, katika chumba kinachonuka dawa, na naona aibu kusema kwamba nilikisahau kitambaa cha mama yangu.

Nilimuuliza mume wangu, Mzee Sedekia amesemaje? Akaniambia hajamwambia, na hatamwambia. Alitaka mzee aingie asubuhi moja na kikombe chake cha chai, abandike filamu, anyamaze, kisha ageuke na kusema: Anyitike, umefanya nini hapa? Hiyo ndiyo ndoto aliyokuwa ameibeba mlimani pamoja na kitambaa changu. Nilimwona alivyofurahi, nami nikanyamaza. Kunyamaza kwangu huko sikukuhesabu kuwa kitu wakati ule.

Jumatatu Mganga Sedekia akaingia na chai yake, akasoma picha mbili akiwa amesimama, akatoka. Jumanne vivyo hivyo. Macho yake yalikuwa yamezeeka, na kichwa chake kilikuwa kimezoea. Wiki ikaisha, Anyitike akarudi nyumbani amenywea. Nikamtania kwamba angalau mimi niliuona mwanga wake, tena kwa gharama yangu.

Katika wiki hizo akaja Nyamizi. Baba yake, Masunga, alikuwa mmoja wa Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao mpaka mbuga za Usangu, upande wa Madibira, na binti huyu ndiye mtoto wake pekee aliyemaliza shule. Alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu Iringa. Barua ya chuo ilitaka cheti cha kifua, kwa sababu wasichana wanalala bweni moja na baadaye wanasimama mbele ya watoto. Walitembea siku moja, wakapanda lori siku ya pili, wakafika hospitalini na vumbi mpaka kwenye kope.

Anyitike alimsimamisha mbele ya mashine, kidevu juu, mabega mbele. Akamwambia avute pumzi na kuishika. Nyamizi aliishika vizuri mno, ametulia kama mtu anayesikiliza jambo la mbali, hata Anyitike akasahau kumwambia aiachie. Kisha akaingia chumba cha giza na filamu nyingine, na hakuwepo picha ile iliposomwa. Alihadithiwa na wauguzi. Mganga Sedekia alitazama, akanyoosha kidole kona ya kulia, akasema ugonjwa wa Jailos huo, binti yuko safi. Akasaini. Masunga akashukuru kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na Nyamizi akajifunika mdomo kwa mikono miwili, akabaki hivyo mpaka baba yake alipomvuta kanga.

Wiki tano zilipita. Siku moja Anyitike alikuwa anapanga filamu kwenye bahasha zake. Kazi hiyo ni ya nusu saa, yeye huifanya asubuhi nzima, kwa sababu kila moja lazima aibandike tena kwenye kioo chake kizuri aitazame kwa raha yake. Akabandika ya Nyamizi. Juu kulia palikuwa na weupe.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kitambaa kimeteleza. Akafungua sanduku, kitambaa kiko mahali pake. Akabandika ya mtu mwingine, kona ikawa nyeusi kabisa. Akarudisha ya Nyamizi. Halafu akaigeuza, juu chini. Kama weupe ni wa taa ungebaki palepale. Weupe ukashuka na filamu, ukakaa chini kushoto, mdogo, wenye kingo laini, unamfuata Nyamizi.

Alirudi nyumbani saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akakaa kwenye kigoda bila kuvua koti la kazi, akanieleza yote. Mimi ni mtu wa hasira za haraka na woga wa haraka, na siku hiyo ulitangulia woga. Tulikuwa na mtoto wetu Asukile na mwingine tumboni. Nikamwambia akitoe kitambaa. Akitoe leo hii, kona iwake kama ilivyowaka miaka yote, na siku watu wakiuliza watailaumu taa ya Jailos, na hakuna atakayejua.

Hakunifokea. Alinitazama kwa muda, kama anatazama filamu ambayo bado haijatoka.

“Mama Asukile,” akasema, “huyo binti analala bweni moja na wenzake arobaini.”

Nikaenda jikoni nikalia kule. Nililia kwa kujiaibikia, nasema wazi. Niliporudi alikuwa ameshaondoka kwenda kumwona mzee.

Mganga Sedekia alimsikiliza amekaa, mikono juu ya magoti. Anyitike alimweleza habari ya kitambaa tangu mwanzo, hata mkasi, hata ndoto yake ya kutaka kusifiwa. Kisha akamwonyesha filamu wima, na akamwonyesha imegeuzwa. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena, akatazama tena. Nje wagonjwa walikuwa wanaimba kwenye foleni ya dawa.

“Miaka kumi na moja nimekuwa naitoa kona ile kichwani,” mwishowe akasema. “Ungeniambia tu, mwanangu. Ningeirudisha.”

Mchana ule wote walisoma upya kila filamu iliyosomwa tangu kitambaa kiwekwe, hamsini na nane, wima na kugeuzwa. Wengine wote walikuwa salama. Mzee akaandika barua kwa mkuu wa chuo, akaandika humo kwamba kosa ni lake yeye Sedekia, na Anyitike alipotaka kubisha akamwambia anyamaze alambe bahasha. Barua ya posta ingechukua wiki. Wakakubaliana aipeleke mwenyewe, na filamu pia, kwa sababu msichana hatajiona mgonjwa kwa karatasi.

Asubuhi alishuka Iyunga akapata basi la Iringa. Filamu aliiweka mapajani ndani ya bahasha kubwa, ameishika pande zote mbili isipinde, na abiria wa karibu yake akadhani ni picha ya ukutani. Njia nzima, aliniambia, hakuwa na uhakika kama yuko macho. Tambarare za Usangu zilipita upande wa kushoto, rangi ya majani makavu, na ng'ombe wadogo mbali kabisa, na aliwaza kwamba pengine wengine ni wa Masunga. Makambako palikuwa na baridi na mvua nyembamba isiyofika chini. Mbele ya Mafinga misonobari michanga ilisimama mistari kwa mistari, ikifunguka na kujifunga kadiri basi lilivyokwenda, na katikati ya mistari kulikuwa na mwanga uliotulia. Alitamani barabara isiishe. Kila alipofikiri atakavyosema maneno, maneno yalimwishia.

Mkuu wa chuo, mama mmoja mtu mzima aitwaye Leokadia, alisoma barua mara mbili. Hakumlaumu mtu. Alisema ataandika kwamba nafasi ya Nyamizi inamngoja mpaka apone, na wasichana wa bweni lake wote watapimwa. Kisha akasema Nyamizi yuko darasani anajiandaa. Siku hiyo ndiyo alikuwa anakwenda kufundisha kipindi chake cha kwanza, darasa la pili, shule ya msingi iliyo jirani na chuo.

Aliletwa kwenye chumba kidogo chenye dirisha kubwa. Mkononi alikuwa na saa ya boksi aliyoitengeneza mwenyewe, duara la karatasi ngumu lenye namba za wino wa buluu na mishale miwili iliyoshikwa kwa kifungo. Alimtambua Anyitike mara moja, akapiga goti kidogo kama Wasukuma wanavyomsalimu mkubwa, akamwita Bwana Picha. Kisha akaiona bahasha.

Anyitike hakuwa na sanduku wala jenereta. Aliitoa filamu akaibandika kwenye kioo cha dirisha, na anga la Iringa mchana ule lilikuwa na wingu jembamba limetandazwa sawasawa, mwanga mzuri kuliko wowote ambao angeweza kuutengeneza. Akamwonyesha mbavu zake. Akamwonyesha moyo. Kisha akamwonyesha mahali pale, akamweleza kwamba wao ndio waliokosea, yeye na mzee wake, na kwamba kuna dawa, sindano za kila siku kwanza, halafu vidonge mwaka na zaidi, na atapona.

Nyamizi alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alijitazama kwa muda.

“Nilikuwa najua,” akasema. “Tangu kabla ya Pasaka nakohoa, nilikuwa nafukia damu kwenye majivu, baba asione. Mganga aliposema safi, nikajua Mungu ameifuta.”

Anyitike aliniambia kwamba katika maisha yake hakuna maneno yaliyowahi kumwingia hivyo. Alitaka kupiga magoti amwombe radhi. Alichoweza ni kuendelea kuishika filamu kwenye kioo, kwa sababu angeiachia ingeanguka.

Baada ya hapo Nyamizi akaomba jambo moja. Aliomba afundishe kipindi chake kwanza. Nusu saa tu. Alikuwa amejiandaa wiki mbili, usiku anajifunza kusema kwa kunong'ona chini ya blanketi, saa amekata boksi tatu mpaka duara likakubali. Atasimama mbali, alisema, atafunika mdomo kwa leso, hatakohoa. Kisha atapanda basi bila kusema neno.

Mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kumnyima mtu kitu, aliyempa jirani jembe letu tukalima kwa kuazima, aliwafikiria watoto wa darasa la pili, arobaini na tano kwenye chumba kimoja, madirisha madogo. Nyamizi mwenyewe alinihadithia sehemu hii, miaka miwili baadaye, mzima na amenenepa, nyumbani kwangu, akiwa njiani kurudi chuoni. Alisema macho ya Bwana Picha yalijaa maji, na yeye akadhani atakubali.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Hata nusu saa.”

Nyamizi hakukasirika. Aliitazama saa yake ya boksi, akaisogeza mishale, akaiweka sawa. Kisha akamwita rafiki yake Roza, aliyekuwa amepangiwa kufundisha wiki inayofuata, akamkabidhi saa na daftari la maandalizi, akamwelekeza kila kitu akiwa amesimama mlangoni, mbali naye hatua nne. Roza alilia. Nyamizi akamwambia apanguse uso, watoto wasimwone hivyo.

Basi la kurudi lilikuwa limebakiza saa mbili kuondoka. Nyamizi akafunga sanduku lake la bati, akambebesha Anyitike, na badala ya kwenda kituoni akaelekea shule ya msingi. Walisimama nje, kwenye jua, umbali wa kutosha kutoka dirisha, pale sauti inapofika na pumzi haifiki. Sauti ya Roza ilisikika ikitetemeka mwanzoni, kisha ikashika njia. Watoto waliitikia kwa pamoja: saa moja, saa mbili, saa tatu. Anyitike akamwona Nyamizi midomo inacheza. Alikuwa anakisema kipindi chote, neno kwa neno, tangu salamu, bila sauti, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka kidogo kama umeshika kitu.

Mahali pa nusu saa Roza akakosea. Aliuzungusha mshale mrefu peke yake, mfupi akauacha palepale kwenye nane, na watoto wakanyamaza hawaelewi. Nyamizi akasogea hatua moja mbele, akajizuia, akarudi mahali pake.

“Na mfupi nao unatembea,” akasema taratibu, akiwa peke yake juani, kwa watoto ambao hawakumsikia. “Kidogo kidogo. Tazameni vizuri, mtauona.”